Siku Tatu za Nyoka wa Uani

Jumatatu, 7 Machi 1955

Siku ya hamsini na nane ya eda. Nimeswali, nimefagia uani kabla wapangaji hawajaamka. Saa nne nimefagia tena. Hakukuwa na taka. Mikono tu inataka kazi.

Hili ni daftari la marehemu mume wangu. Alikuwa karani wa forodhani, akaanza kuandika humu majina ya meli. Kurasa sita, kisha homa ikamchukua. Zilizobaki ni zangu na sitaki mtu azisome.

Mayai yamepungua tena. Jana jioni kuku wangu wa kishungi alikuwa na mayai matano kwenye tenga lake pembeni mwa jiko. Leo matatu. Nataka aatamie. Nimebakiza siku sabini na mbili za kukaa ndani, nataka angalau vifaranga vya kutazama. Lakini ataatamia nini kama kila siku anaibiwa?

Chini ya tenga nimeokota kitu cha ajabu. Maganda ya yai yamekunjwa pamoja, yamebanwa, kama tambuu iliyotafunwa ikatemwa. Mtu amefinya ganda kiganjani ili lisionekane. Nimelitupa jaani.

Mwanahawa wa chumba cha nyuma amepika mkate wa mayai leo. Harufu imejaa ukumbi mzima. Anauza vipande pembeni ya soko, ndiyo kazi yake.

Jumatano, 9 Machi

Kutoka kitandani kwangu hadi mlango wa uani ni hatua ishirini na moja. Leo nimezihesabu mara nyingi hadi nimejichukia.

Jana nilitafuta akili. Wanja wangu umekaa tu, mwenye eda hapaki. Nikauchukua, nikachora mstari mmoja kwenye kila yai. Yalikuwa manne. Asubuhi mawili hayapo. Mwanahawa alipokwenda bombani kunichotea maji, nimeingia chumbani kwake. Ndiyo, nimeingia. Kikapu chake kina mayai saba. Hakuna hata moja lenye mstari.

Ameyaosha. Mjanja.

Nimekaa naye miaka minne. Tangu marehemu afe yeye ndiye miguu yangu: sokoni, bombani, kwa Muhindi wa duka la kona kununua mafuta ya taa. Ndiyo maana inauma. Mgeni akikuibia unamsahau, huyu amenifunga mimi kitambaa cha eda kwa mikono yake.

Alhamisi, 10 Machi

Nimemwambia. Nilipanga kusema taratibu, nimesema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nilimkuta anakuna nazi uani. Nikamwita mwizi. Nikamwambia mtu anayekula yai la mjane mwenye eda hana haya wala hofu ya Mungu. Nikamwambia ahame kesho.

Aliinuka kwenye mbuzi, nazi mkononi. Alisema kitu kimoja tu.

"Sijala yai lako, dada Zuhura. Mayai yangu nanunua Buguruni kwa shangazi."

Nikamwambia kila mwizi ana shangazi. Wapangaji walicheka kidogo. Nilifurahi walipocheka, naandika hapa kwa sababu ni kweli.

Jioni nimekuta ndoo ya maji mlangoni kwangu. Imejaa, imefunikwa kwa kawa kama Mwanahawa anavyofanya siku zote. Hilo limenikasirisha kuliko mayai.

Ijumaa, 11 Machi

Siku mbaya. Naandika harakaharaka.

Mwanahawa alikuwa anafunga mizigo yake. Akasogeza kasha bovu lililo nyuma ya tenga la kuku kwa sababu sufuria yake moja ilikuwa huko. Akapiga ukelele. Nyoka!

Wanaume walikuwa wanatoka msikitini. Uani ukajaa watu na mimi nikarudi chumbani, nikashusha pazia. Mwenye eda hakai mbele ya wanaume. Basi nyoka yuko nyumbani kwangu, nami namjua kwa kusikia tu, tena kwa midomo mitano kwa mpigo.

Shemeji Abeid, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Ilala kunijulia hali. Yeye kasema mnene kama mguu wa kitanda. Muuza kahawa kasema ana rangi ya udongo, na mgongoni ana alama kama ncha za mishale. Mwalimu wa madrasa hakuwa na miwani yake, kasema ni mrefu, Mungu ndiye ajuaye. Mwanahawa alisema mwembamba. "Mwembamba jamani, shingo yake kama kidole." Aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni yeye. Lakini hakuna aliyemsikiliza. Nilisikia Shemeji akimwambia mwizi anyamaze.

Wakamwita Maganga. Maganga ni mpangaji wangu wa chumba cha mbele, mchukuzi wa stesheni, Mnyamwezi. Huku kwetu kila mtu anaamini Wanyamwezi wote wamezaliwa na nyoka mfukoni, wanawashika, wanawachezesha ngoma. Wakamsukuma mbele. Nilisikia miguu yake ikirudi nyuma huku mdomo ukisema nipisheni, nipisheni. Akachungulia nyuma ya kasha. Ikatoka sauti, kama mtu anayekuna nazi taratibu, krrr, krrr. Maganga akaruka mpaka ukumbini, karibu anipasulie pazia.

"Kifutu," akasema. "Kifutu jike. Huyo akikugusa, hulioni jua la kesho."

Basi ikawa kifutu. Sauti ile ile, rangi ile ile. Ubishi ukaisha.

Shemeji alishika panga. Mwalimu akamzuia. Nyoka wa nyumbani hauawi hivi hivi, huenda si nyoka, huenda ni jini aliyejivika ngozi. Lazima aonywe siku tatu. Akasimama uani na kumwambia nyoka, kwa adabu kabisa, kama anavyozungumza na mgeni wa heshima: kama wewe ni katika waumini, tunakuomba uondoke. Una siku tatu. Jumatatu baada ya alasiri tukikukuta, dhima si yetu.

Nyoka akaingia kwenye ufa wa ukuta wa jiko.

Mwanahawa akaondoka saa kumi na mizigo yake kichwani. Hakuaga. Mbuzi yake ya kukunia nazi ameisahau.

Jumamosi, 12 Machi

Siku ya kwanza ya nyoka. Yangu ya sitini na tatu.

Sikulala vizuri. Nimeziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Kila kitu kinanishtua, hata mjusi. Jikoni naingia nikigonga sufuria kwa mwiko ili anisikie na apishe. Nimepika uji tu.

Shemeji amekuja asubuhi. Anataka nimalizie eda kwake Ilala. Nimekataa. Mume wangu alifia humu na humu ndimo nitakamilisha siku zake. Shemeji amekasirika. Kasema basi kaa na kifutu wako.

Maji amenichotea Maganga. Nusu ndoo, nyingine ameimwaga njiani kwa kutazama chini ya miguu yake.

Maganga ndiye aliyeniletea maneno. Bombani wanawake wanasema nyoka si wa bure. Mwanahawa kafukuzwa kwa wizi, siku ya pili nyoka anaonekana, tena kamwona yeye wa kwanza. Wanasema kamwacha makusudi, kama salamu. Maneno yametoka kwa Shemeji, kayasema kwa kinyozi mchana, na jioni yameshafika sokoni. Mwanahawa alikuwa kwenye kona yake na sinia. Watu wanapita wakivuta watoto. Sinia limerudi kama lilivyotoka.

Nilimwambia Maganga hayo ni malipo yake. Halafu nikakaa kitandani. Wizi niliusema mimi. Uchawi sikuusema.

Jumapili, 13 Machi

Siku ya pili.

Jana jioni mayai yalikuwa matatu. Nilihesabu kwa macho yangu, nimesimama mbali na ufagio mkononi. Leo mawili.

Nimehesabu tena. Nimerudi ndani, nimetoka, nimehesabu tena. Mawili.

Mwanahawa yuko Buguruni tangu juzi.

Nikajiambia panya. Panya anamwaga, anachafua, tenga lingekuwa limelowa. Ni kavu. Nikajiambia Maganga. Maganga hawezi kufika kwenye tenga hata akilipwa. Mlango wa uani ulikuwa na komeo.

Kisha nikakiona. Karibu na ufa wa jiko, kidonge kingine cha maganda. Tambuu iliyotemwa. Safari hii sikukitupa. Nimeingia nacho ndani, nimekaa dirishani, nimekikunjua kwa sindano. Maganda yote yamo, yameshikwa pamoja na ule utando wa ndani wa yai, hakuna tone la ute wala kiini. Hakuna kiganja cha binadamu kinachoweza kukamua yai hivi.

Kwenye kipande kimoja kuna mstari mweusi. Wanja wangu.

Nimekwenda jaani na kijiti kutafuta kile cha kwanza. Nimekipata. Na vingine viwili ambavyo sikuwahi kuviona kwa sababu sikuwahi kutazama.

Sikuweza kula leo. Najisikia mchafu.

Jumatatu, 14 Machi

Siku ya tatu. Nimemwona.

Baada ya swala ya alfajiri nilivuta kigoda hadi mlango wa jiko, nikakaa, ufagio mapajani. Kulikuwa kunapambazuka. Niliogopa, lakini kukaa chumbani nilikuwa siwezi tena. Nilitaka kujua.

Alitoka ufani taratibu. Ana rangi ya udongo mkavu, alama za mishale mgongoni, kama muuza kahawa alivyosema. Lakini mnene? Mnene yuko wapi! Mwembamba kama mpini wa mwiko, kichwa kidogo kuliko kidole gumba changu. Nilikulia shamba, Kisarawe, nimeona vifutu wawili. Kifutu ana kichwa kipana na tumbo kubwa, analala kama gogo na mkia wake mfupi. Huyu si ndugu yake hata kwa mbali. Mwanahawa alisema kweli. Shingo kama kidole.

Akapanda kwenye tenga. Akalinusa yai kwa ulimi, akazunguka, akafungua mdomo. Sikuamini. Mdomo ulipanuka na kupanuka hadi ngozi ya shavu ikawa kama soksi, akalivika yai kidogo kidogo. Lilipofika shingoni likasimama, uvimbe mkubwa. Akajikunja, akajibana. Nilisikia kwa masikio yangu: ta. Yai limepasuka ndani ya shingo. Uvimbe ukalala. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akafungua tena mdomo na kutema kidonge cha maganda.

Nimekaa miezi miwili nikitafuta kitu cha kutazama. Basi, nimekipata.

Niliposogeza mguu alishtuka. Akajikunja kama pete juu ya pete, ngozi ikisuguana na ngozi. Krrr. Mbuzi ya nazi kabisa. Sauti haitoki mdomoni, inatoka ubavuni. Kisha akaruka kunigonga, mdomo wazi, ndani mweusi kama masizi. Akagonga ufagio. Akagonga tena. Nimeuchunguza ufagio njukuti kwa njukuti. Hakuna tundu, hakuna mate, hakuna kitu. Hana meno ya kung'ata hata embe. Anatishia tu kwa kuiga kifutu, kwa sababu hana kingine.

Akarudi ufani. Mimi nikalia. Si kwa hofu.

Alasiri walikuja. Shemeji na panga, Mwalimu na miwani safari hii, muuza kahawa, majirani. Maganga alisimama barabarani, kasema analinda mlango wa mbele.

Nilizungumza nikiwa nyuma ya pazia. Nikasema si kifutu, anakula mayai, hana meno. Shemeji akacheka. Kasema shemeji, eda imekuchosha, kapumzike. Nikarudia. Akaanza kubomoa ufa kwa ncha ya panga.

Nikajifunika ushungi mpaka machoni, nikatoka. Nikasimama mbele ya ufa, nikampa Mwalimu vidonge vinne vya maganda kwenye sahani, na kile chenye wanja juu yake. Nikaeleza yote, tangu wanja hadi ufagio.

Mwalimu alivigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya ukucha. Akasoma ule mstari wa wanja kama anasoma herufi. Akasema, "Abeid, weka panga. Huyu kaiba mayai tu."

Kaiba mayai tu. Alisema kwa upole, naye hakujua ananichoma.

Nyoka tulimpa siku tatu, na mtu wa kusimama kumwombea. Mwanahawa sikumpa hata saa moja.

Jumanne, 15 Machi

Nyoka hayupo. Nimekaa alfajiri yote, hajatoka. Mwalimu anamwambia kila mtu kwamba amesikia onyo na ametii, ni katika waumini. Mimi nadhani ameondoka kwa sababu jana jioni mayai yote niliyaingiza ndani. Lakini mwache Mwalimu afurahi.

Shemeji hajaja. Amesema kwa watu kwamba nimetoka mbele ya wanaume ndani ya eda. Ni kweli, nimetoka. Nilimtumia salamu akanyooshe maneno yake kwa kinyozi. Hajajibu. Kwa Mwanahawa Maganga angekwenda, lakini nitume mchukuzi wa stesheni akaniombee msamaha? Mimi nilitumia mdomo wangu mwenyewe kumchafua.

Nimemwita Mwalimu dirishani. Nimemuuliza kama mwenye eda anaweza kutoka kwenda kuomba radhi kwa mtu aliyemdhulumu. Nilitarajia asitake kusikia. Wifi zangu wanasema hata barazani ni haramu. Akafikiri. Kasema kwa haja, mchana, inajuzu, alimradi alale kwake. Kisha akasema watu watasema.

Wacha waseme. Nami nilisema.

Alhamisi, 17 Machi

Nimetoka leo. Miguu imesahau barabara. Jua limeniumiza macho, na kelele za wachukuzi na mikokoteni sokoni zilinifanya nishike ukuta.

Nilianzia bombani, makusudi, saa tatu wanawake wakiwa wengi. Waliona mavazi ya eda na wakashika midomo. Nikasema nimekuja kusema neno moja. Mwanahawa hakuiba yai langu. Aliyekula ni nyoka, nyoka asiye na sumu, na si wa mtu. Mimi ndiye niliyemsingizia, na uchawi mliouongeza ulianzia kwenye uongo wangu. Mwenye swali aniulize mimi. Hakuna aliyeuliza. Mama mmoja alisema, "Pole, Bi Zuhura," sijui pole ya nini. Mwingine aligeuka upande akacheka. Uso uliwaka moto kama nimeliinamia jiko. Nilistahili.

Kisha Buguruni kwa miguu, Maganga mbele yangu kuonyesha njia. Shangazi wa Mwanahawa ana nyumba ya udongo na kuku kumi na kitu. Kuku wapo kweli. Mayai yapo kweli.

Mwanahawa alikuwa anapepeta mchele. Alinipa kigoda, akanipa maji. Nikasema yote niliyokuja kusema. Sikujitetea, nilijaribu sana. Alisikiliza mpaka mwisho akiendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini.

"Nyoka mlimpa siku tatu," akasema. "Mimi ulinipa ngapi, dada?"

Nilikuwa nimeshajiuliza. Nikasema sikukupa hata moja. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchele. Alisema amenisamehe, kwa sababu nimekuja kwa miguu yangu. Hakusema atarudi. Sikuthubutu kuuliza.

Kabla ya adhana ya magharibi nilikuwa nyumbani. Wifi zangu wameshapata habari, kesho watakuja kunisema. Waje.

Jumanne, 22 Machi

Siku ya sabini na tatu. Mvua tangu jana.

Kuku wa kishungi ameanza kuatamia juzi. Mayai sita, sikuyachora kitu. Nimehamishia tenga chumbani kwangu na kuku ananitazama kwa jicho moja ninapoandika.

Maji nachota mwenyewe sasa, alfajiri, kabla foleni haijawa ndefu. Wifi zangu wamenuna. Maganga anasema Mwanahawa amerudi kwenye kona yake sokoni, na jana vipande viliisha kabla ya saa tano.

Chumba cha nyuma sijapangisha. Watu wawili wameulizia, nimewaambia kina mtu. Leo nimekifagia, nikafuta vumbi dirishani. Mbuzi yake nimeikosha, nikaupaka ule ulimi mafuta ya nazi usishike kutu kwa unyevu huu. Nimeiegesha ndani, nyuma ya mlango, pale alipokuwa anaiweka.